Baba Alikuwa Amelala

Nakuandikia wewe uliyekaa leo kwenye benchi la hospitali au la kituo cha polisi kwa ajili ya mtoto uliyemzaa mwenyewe. Mimi na mke wangu tulikalia yote mawili usiku mmoja. Naishi Makuburi, Ubungo, na namshukuru Mungu kwamba siku hizi naweza kusimulia habari hii mpaka mwisho. Zamani nilikuwa nikianza, sauti inakatika.

Nilistaafu kiwandani mwaka 2021. Nikachukua sehemu ya mafao, nikanunua Toyota IST iliyokwishatumika. Kwa wenye nazo, IST si kitu. Kwetu lilikuwa gari la kwanza katika ukoo mzima. Ndugu walitoka Morogoro kuja kuliona. Mke wangu alilinyunyizia maji ya baraka. Jumapili ya kwanza, baada ya misa, nilipita nalo juu ya Daraja la Kijazi, ambalo nalo lilikuwa halijatimiza mwaka tangu lifunguliwe. Nikashuka upande wa pili, nikageuza, nikapita tena. Sikuwa na safari yoyote.

Kitinda mimba wetu alikuwa na miaka 16. Nikamfundisha kuendesha kwenye kiwanja cha shule, jioni za Jumapili. Alishika haraka. Nikawa namwachia arudishe gari nyumbani kwa mitaa ya ndani, mimi nimekaa pembeni yake nawapungia majirani mkono ili wamwone. Sheria inataka miaka 18 na leseni, na hilo nililijua hata wakati ule. Nikajiambia ni mitaa ya ndani tu. Nilimfundisha usukani na breki. Kuhusu mama anayevuka barabara na ndoo kichwani, sikuwahi kumwambia neno. Tukifika, ufunguo nautundika kwenye msumari sebuleni, chini ya rozari.

Ikaja Desemba 2022. Amemaliza mtihani wa kidato cha nne, anasubiri matokeo, hana shule, hana kazi, ana marafiki wengi. Mama yake akimtuma dukani, anabetua midomo. Mimi nikimwambia jambo, anajibu "sawa" bila kunitazama. Mke wangu akaniambia, "Baba, huyu mtoto anatuponyoka." Nikamjibu ni umri tu, utapita.

Jumamosi moja nililala mapema. Saa saba usiku simu ikaita. Namba siijui.

"Mzee, gari lako liko huku Riverside. Njoo."

Nikatazama msumari. Ufunguo haupo.

Nilitoka nimevaa shati ndani nje. Nikatembea. Nikakimbia. Barabara ya Mandela ina malori usiku kucha. Niliona taa kwanza. Kisha watu. Kisha gari letu, limepanda ukingo, kioo cha mbele hakuna. Pikipiki iko chini yake. Na kijana amelala pembeni. Mguu wake umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Hakuwa analia. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Ndala yake moja ilikuwa katikati ya barabara, malori yanaikwepa.

Mwanangu alikuwa mzima. Amekaa chini, mikono kichwani. Rafiki zake walikwishakimbia. Bodaboda walikuwa wanafika mmoja mmoja, mwenzao yuko chini, na wewe unajua wakifika na hasira inavyokuwa. Niliona wazi watamuua mbele yangu. Mzee mmoja wa bajaji akasimama kati yao na mwanangu, hakusogea mpaka askari walipofika. Jina lake silijui hadi leo. Namwombea.

Sasa naomba niseme jambo ambalo sikulisema hata kwenye jumuiya. Kabla trafiki hajashuka kwenye gari lake, jirani yangu aliyenifuata aliniinamia sikioni. "Wewe una leseni. Sema ulikuwa unaendesha wewe, yaishe." Niliona ni shauri jema. Trafiki akauliza, "Dereva nani hapa?"

Nikafungua mdomo.

Sauti ikatoka nyuma yangu. "Afande, ni mimi. Baba alikuwa amelala."

Alichukuliwa. Mama yake akamfuata kituoni na blanketi. Mimi nikafuatana na majeruhi, fomu ya polisi ya PF3 mkononi, hospitali ya kwanza, kisha rufaa mpaka Muhimbili, kwenye Taasisi ya Mifupa, MOI. Paja limevunjika. Damu nyingi imepotea. Nikakaa. Saa tisa. Saa kumi. Nilianza Baba Yetu mara tatu, nikasahau katikati. Nilikuwa na wazo moja tu. Huyu akifa, mwanangu ameua mtu, na mimi ndiye niliyempa cha kuulia.

Alfajiri mama wa yule kijana akafika kutoka Manzese, amejitanda khanga. Akaniuliza, "Baba, wewe ni nani wake?"

Sikuweza kujibu. Akauliza tena.

"Mimi ni baba wa aliyemgonga."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Basi kaa. Tusubiri wote."

Tukasubiri. Hatukuzungumza. Mchana daktari akatoka, akasema ataishi.

Siku zilizofuata niliona wodi ilivyojaa vijana, miguu imefungwa vyuma. Baadaye nikasoma kwamba Shirika la Afya Duniani linazitaja ajali za barabarani kuwa ndizo zinazoua zaidi watu wa miaka 5 hadi 29 duniani. Sikushangaa. Mwanangu mwenyewe alikiri alikuwa kwenye 90, mahali ambapo mwisho ni kilomita 50 kwa saa.

Ndugu walitushika. Jumuiya ilisali nyumbani kwetu siku tisa, na majirani zetu Waislamu wakatusomea dua. Bima yangu ilikuwa ile ndogo, na aliyekuwa kwenye usukani hana leseni, kwa hiyo sikuwa na cha kudai. Gari tuliliuza lilivyo, tukalipia matibabu. Kesi ikaenda Mahakama ya Watoto, Kisutu. Mtoto akaachiwa kwa masharti, chini ya afisa ustawi wa jamii.

Ikabaki pikipiki. Ilikuwa ya mkataba: kijana wa watu alitakiwa kumpelekea tajiri hesabu ya shilingi 8,000 kila siku, awe anatembea au amelala. Mjomba wa mtoto alikuja kutoka Morogoro, akatukalisha wote, akasema hesabu hiyo itatafutwa na aliyeivuruga. Mke wangu alilia. Mimi nilitaka kubisha. Mjomba akaongeza, "Na isitumwe kwa simu. Aipeleke kwa mkono wake."

Basi akawa anaamka saa kumi alfajiri kwenda soko la Mahakama ya Ndizi, pale Mabibo, kushusha mikungu kwenye Fuso. Wiki ya kwanza mabega yalichubuka. Shati lilijaa utomvu wa ndizi ambao mama yake alishindwa kuutoa. Jioni anatembea kwa miguu mpaka Manzese, anabisha hodi, anatoa hela kwa mikono miwili. Mwanzoni yule kijana alizipokea akiwa amegeukia ukutani. Mwezi wa tatu akamwambia, "Dogo, hebu nishike nitoke juani." Mwezi wa tano akarudi nyumbani usiku, anasema ameshakula kwao. Ilikuwa miezi saba.

Hayo sikumfundisha mimi. Naliandika hili bila aibu sasa. Siku hizi akipanda daladala anamwamkia konda mtu mzima shikamoo, na akiona mtu anasubiri kuvuka, anatazama kwanza nyuma yake kama kuna gari linakuja.

Mwaka 2024 alikwenda chuo cha udereva kwa hela yake. Leseni ya muda, majaribio, kisha daraja D. Ana leseni. Gari hatuna. Yule kijana wa Manzese amerudi kijiweni, anachechemea kidogo wakati wa baridi. Na mimi, simu ikiita usiku, macho yanakimbilia msumarini, ingawa siku nyingi hauna kitu.

Ndugu yangu wa kwenye benchi, usimfiche mtoto wako. Nenda kwa aliowaumiza. Ukifukuzwa, rudi kesho, na uende naye. Na wewe ambaye simu hiyo bado haijaita, mtoto akiwa amelala hapo jirani na funguo zimening'inia sebuleni, nakuomba kwa jina la Mungu, inuka ukazitoe kabla hujalala.