Mukaba unabeba nini?

Askari wangu ana urefu wa sentimita 5. Nilimpaka rangi awe mmoja wa Force Publique walioingia Tabora Septemba 1916. Kwa kipimo cha 1/35, mukaba (kamusi inasema mkanda) wenye upana wa milimita 35 unakuwa wa milimita 1. Kiwandani mikaba hutolewa pamoja na mwili, ikafanana na makovu. Niliikwangua kwa wembe, nikakata mipya katika karatasi ing'aayo ya paketi ya sigara, kwa sababu ikipindwa hairudi. Bizimu nilizifanya kwa waya wa shaba: niliupitisha motoni ulainike, nikauzungusha kwenye kijiti cha pembe nne, nikakata pete moja moja.

Nilijivuna, nikamwonyesha Kambo. Akatazama sana, kisha akauliza: « Mukaba huu unabeba nini? »

Nilikuwa nimeunyoosha kama mstari wa rula. Mfuko ulining'inia, lakini bega halikusikia kitu.

« Baba yangu alikuwa pagazi katika vita ile, akasema. Mzigo ulikuwa kichwani. Hakupewa mukaba. »

Usiku ule niliubandua, nikaubandika tena ukikandamiza shati begani mpaka kitambaa kikafanya mikunjo. Kisha nikaanza mtu wa pili. Huyu hana bizimu hata moja, na ndiye anayenishinda. Nimekwisha kuchonga shingo yake mara tatu, na bado haionyeshi uzito.