Sauti Iliyo Kati ya Vyuma Viwili

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia. Alipofariki tuliletewa sanduku lake, na ndani yake, chini ya makoti ya baridi ambayo hapa kwetu Unguja hayana kazi, mlikuwa na mandolini aliyoinunua Napoli. Mji huo ndio ulioipa mandolini umbo lake mashuhuri katika karne ya 18: tumbo la mviringo mithili ya udi mdogo, shingo fupi, na nyuzi nane zilizofungwa jozi kwa jozi, kila jozi ikitoa sauti moja.

Mama alipoiona hakulia. Aliipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, kisha akasema: "Mwanangu, kaka yangu kila akirudi safari alikuwa akipiga wimbo mmoja kwa hii. Mimi naufuata kwa mdomo, lakini pumzi zimekwisha na kichwa changu siku hizi hakishiki. Jifunze uupige wewe, kabla sijausahau."

Wimbo huo haukuwahi kurekodiwa. Ulibaki kwa Mama peke yake, naye alikwisha kuanza kuniita kwa jina la marehemu.

Udi, qanuni na fidla zina walimu wake hapa kisiwani, tena wengine ni mabingwa. Lakini kila niliyemwendea aliigeuza mandolini ile mkononi, akaisifu, akanirudishia. Basi nikaamua kujifundisha kwa vitabu na video. Nakiri kwamba nilidhani kazi ni kupata tu. Kumbe kazi ni kuchagua.

Kitabu changu cha kwanza nilikipenda kwa jalada. Nilikaa nacho miezi miwili nikifuata namba zake, kwani vitabu hivi aghalabu huwa na mistari minne inayowakilisha jozi nne za nyuzi, na juu ya mistari namba zinazoonyesha kidole kikandamize nyuma ya chuma cha ngapi shingoni. Njia hiyo ni nyepesi kwa asiyesoma nota. Mkono wangu wa kulia ulifunzwa kukata nyuzi zote kwa pigo moja kavu katika mdundo wa pili na wa nne, kisha kuzinyamazisha papo hapo. Nilipompigia Mama alicheka, akaniuliza kama nachanja kuni. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kitabu kile kilifundisha bluegrass, muziki wa Marekani uliojengwa na Bill Monroe wa Kentucky, aliyefariki mwaka 1996. Katika muziki huo mandolini hushika pia kazi ya ngoma. Kitabu hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, niliyenunua mafunzo bila ya kuuliza ni mafunzo ya muziki wa nani.

Safari ya pili niliuliza. Nikapata kitabu kinachofuata mwendo wa Kitaliani, ambao msingi wake ni mtetemo: risha huenda chini na juu upesi sana hadi sauti ile fupi ya mandolini, inayokufa mara tu inapozaliwa, ikawa ndefu kama pumzi ya mwimbaji. Nikakumbuka kwamba ndivyo mjomba alivyokuwa akipiga. Vitabu vya namna hii vina umri mkubwa. Mwaka 1768 Gabriele Leone alichapisha Paris mafunzo ya kumtoa mtu kwenye fidla na kumpeleka kwenye mandolini, kwa kuwa vyombo hivi viwili vya Kizungu hukazwa sawasawa: G, D, A, E. Kwa sababu hiyo nilimwomba jirani yangu, mpigaji fidla, anisaidie kulinganisha nyuzi. Akanitahadharisha kwamba wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu huishusha fidla ikawa G, D, G, D. Sikujua kwamba tahadhari ile ndiyo itakayonifaa kuliko kurasa zote.

Hata hivyo kitabu hakiwezi kuonyesha kifundo cha mkono. Kinaweza kuandika "legeza", nawe ukakaza zaidi. Huko Marekani, Happy Traum na mkewe Jane walianza mwaka 1967 kuuza masomo ya muziki yaliyorekodiwa katika kanda, ili mwanafunzi aliye mbali amsikie mwalimu. Baadaye zikaja video, na leo intaneti imejaa. Wingi wake nao ni mtihani. Niliangalia video ambazo mwalimu hujionyesha uso zaidi ya mikono, na nyingine ambazo hupiga kwa kasi ya kustaajabisha, zikakuacha umestaajabu na hujui kitu. Niliyoichagua mwishowe haikuwa na pambo lolote: mikono yote miwili ilionekana kwa karibu, mwalimu alipiga kila fungu taratibu kisha kwa kasi yake, na alisema waziwazi kosa ambalo mwanafunzi hulifanya. Kwa wiki tatu nilitazama mkono wake wa kulia tu, hadi wangu ukalegea.

Ikafika siku ya kumpigia Mama. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika nota ya pili tu ya wimbo, akatikisa kichwa. "Siyo." Nikarudia. "Umekaribia, lakini siyo. Hiyo iko juu." Nikashuka chuma kimoja. "Sasa umeanguka."

Nilimpelekea jirani tatizo hili, naye akacheka kidogo. Wimbo, alisema, ni wa maqamu ya bayati. Ukianzia D, nota ya pili hukaa kati ya E na E iliyoshushwa. Mpigaji udi au fidla huipata kwa kuteleza kidole, kwa sababu shingo za vyombo hivyo ni laini. Shingo ya mandolini imepigiliwa vyuma, na sauti aliyoitaka Mama ilikuwa kati ya viwili, pahali ambapo hapana chuma. Vitabu vyangu vyote, Mmarekani na Mtaliani, vilikuwa vimenyamaza juu yake, kwani katika muziki wao haihitajiki.

Wapenzi wa mashairi watanielewa. Shairi la mizani kumi na sita huandikwa likatimia vina na vituo, lakini karatasi haikwambii lahani yake. Asiyewahi kulisikia likighaniwa atalisoma lote, na litampita.

Nikatafuta nani mwingine aliyepambana na vyuma hivi. Nikamwona katika video U. Srinivas wa Uhindi, aliyeishi 1969 hadi 2014, akipiga muziki wa kale wa India ya Kusini kwa mandolini ya umeme. Aliziacha jozi nne akatumia nyuzi tano za mojamoja, akizivuta kwa kidole zikalia sauti za katikati. Mimi sikuwa na ufundi wala nyuzi za kuvuta hivyo. Lakini nilijifunza kwamba chombo kinaweza kuombwa kisichokuwa desturi yake, na tahadhari ya jirani ikanirudia. Nikazishusha nyuzi za E kwa robo ya sauti, nikazipiga tupu bila ya kuzigusa kwa mkono wa kushoto. Nota zilizobaki nikazitafuta zote kwenye nyuzi za A: D nyuma ya chuma cha tano, F cha nane, G cha kumi.

Jioni ile Mama alikuwa barazani. Nilianza pole pole. Nilipoigusa ile nota ya pili hakusema "ndiyo" wala hakufumbua macho. Alianza kuufuata wimbo kwa mdomo, akaenda nami hadi mwisho ninaoujua, nami nikanyamaza. Yeye hakunyamaza. Aliendelea na fungu jingine ambalo hakuwahi kuniimbia hata siku moja.

Sijalipata lote bado. Mama hulitoa vipande vipande, siku nyingine hakitoki hata kimoja. Vitabu vimo rafuni, na nikiulizwa nitavisifu viwili kati yake. Nyuzi za E nimeziacha zilivyo.