Ploti Haipandi Ndege

Daktari akiondoka Kenya, karibu kila kitu chake kinaweza kuondoka naye. Digrii inapanda ndege. Stethoskopu inapanda ndege. Hata unga wa wimbi hupita ukifungwa vizuri. Ploti peke yake ndiyo hubaki pale pale, kati ya ukuta wa jirani na mtaro wa maji, na kila mwaka mpya inaanza kudaiwa upya.

Ploti ninayoongelea iko Kitale, upande wa Kibomet, ile saizi ya kawaida ya 50 kwa 100. Mwenyewe ni dada yangu mkubwa. Nyumbani hakuna anayemwita kwa jina, hata Mama humwita Daktari. Mimi naitwa "yule wa kompyuta", kwa sababu niliacha chuo mwaka wa tatu na sasa naandikia watu makala kwa malipo ya kipande kwa kipande. Kwa hesabu ya familia, mtu anayefanyia kazi kitandani hana kazi. Kwa hivyo Daktari alipoenda majuu, makaratasi yote ya ploti yaliangukia mikononi mwangu.

Alienda kwa njia ambayo wengi wenu mnaijua kupitia ndugu au rafiki. Alikuwa bado mwanafunzi wakati madaktari walipogoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Mgomo ule ulizaa mkataba wa 2017, ule ulioweka malipo ya daktari mwanagenzi kuwa shilingi 206,400 kwa mwezi. Miaka saba baadaye, 2024, madaktari waligoma tena siku 56, na mojawapo ya mambo waliyogombania ni hizo hizo 206,400. Daktari wetu hakungoja mgomo huo wa pili. Alikuwa ameshafanya PLAB, mtihani ambao Uingereza huwapa madaktari waliosomea nje, akaenda Manchester kwa sehemu ya pili, na hakurudi tena ila kwa likizo.

Kabla ya kuondoka alihitaji vyeti kibao: cha chuo, cha baraza la madaktari kuonyesha hana doa, cha hiki na kile. Hakuna aliyemuuliza kuhusu ploti. Unaweza kutoka nchi hii ukiwa na deni la kodi ya ardhi la miaka kumi na hakuna afisa wa uwanja wa ndege atakayekushika mkono. Ila jaribu kuuza hiyo ploti. Hapo ndipo utaambiwa ulete cheti cha kutodaiwa kutoka kwa kaunti, na bila hicho ardhi haibadilishi jina.

Wacha niieleze kodi yenyewe, maana wengi wa rika letu huisikia tu wazazi wakiilalamikia. Kipengele cha 209 cha Katiba kinaipa kaunti ruhusa ya kutoza kodi ya mali, ile wazee wa Kitale huita reti. Si sawa na ile kodi nyingine ambayo mwenye ardhi ya lisi huilipa serikali kuu. Hii ya kaunti, kwa desturi yetu, hupimwa kwa thamani ya udongo, si ya nyumba iliyo juu yake. Jengeni gorofa, limeni sukuma wiki, bili hutokana na kiwanja. Na anayedaiwa ni mwenye jina kwenye hati, hata kama yeye yuko ng'ambo na anayelala pale ni mama yake.

Huko England mambo ni kinyume. Kodi yao ya mtaa kwa kawaida hulipwa na anayeishi ndani ya nyumba, awe mwenyewe au mpangaji, na kiwango hufuata kundi la thamani ambayo nyumba ilikuwa nayo mwaka 1991. Daktari alipopata bili yake ya kwanza alinitumia ujumbe wa sauti akiwa kwenye basi. "Yaani huku nalipa kwa sababu naishi, na huko nalipa kwa sababu namiliki. Sasa nyinyi mnalipa kwa sababu gani?"

Sikuwa na jibu. Lakini bili ya Kitale ilipokuja alisema hailipi, na miaka miwili hakuilipa.

Sababu yake haikuwa pesa. Kiasi chenyewe kwake ni saa chache za zamu ya usiku. Kwangu mimi ni makala mawili ambayo mhariri mmoja bado anasema "wiki ijayo". Sababu yake ilikuwa mishahara. Alipokuwa Kenya alifanya kazi katika hospitali ya kaunti moja, si Trans Nzoia wala Bungoma, na mishahara ilichelewa mpaka akaomba nauli kwangu. Kwangu! "Kaunti haikunilipa nikiwa natibu watu wake," aliniambia. "Leo inataka nilipe udongo?"

Nilimwambia kaunti iliyomcheleweshea si hii inayomdai. Akasema kwake kaunti ni kaunti. Na ukweli ni kwamba namwelewa. Daftari la mishahara na daftari la kodi ya ardhi hayasomani. Ukidaiwa na kaunti, riba inaongezeka. Ukiidai wewe, unaambiwa pesa hazijatoka Nairobi. Hata angekuwa anazidai Trans Nzoia, hangeweza kusema tukatane hapo katikati tumalizane.

Lakini deni lile halikuwa linakaa Uingereza. Lilikuwa linakaa Kibomet, na sisi. Kodi ya ardhi hushikamana na ardhi. Mwenyewe akifariki, warithi hukuta deni limewangoja. Kaunti nyingi zimewahi kutangaza msamaha wa riba ili watu walipe, lakini Kipengele cha 210 kinasema kodi haisamehewi ila kwa sheria, na mtu hapangi maisha kwa kungojea msamaha.

Kulikuwa pia na vyumba viwili vya nyuma ambavyo Mama hupangisha. Kodi ya mapato ya nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 tangu 2024 kwa mkaazi wa Kenya, lakini asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 ya pango lote. Na sheria humhesabu mkaazi hata mtu mwenye makao ya kudumu hapa aliyefika nchini kwa siku chache tu mwaka huo. Kwa hivyo ile Krismasi yake ya wiki moja Kitale, ya kula kuku na kulala, ina uzito kuliko anavyofikiri. Kama una ndugu ng'ambo mwenye vyumba vya kupangisha, mwambie aulize mtaalamu kabla hajaahirisha kuja.

Desemba iliyopita tulienda wote Bungoma, kwa shamba la marehemu babu. Matatu ilipita Kiminini, Kamukuywa, Webuye, ikatushusha Kanduyi. Njiani Daktari alikuwa anasema angalau shamba la babu halina fujo ya bili. Kweli, halijawahi kuletewa ilani hata moja, kama mashamba mengi ya vijijini. Ila mwaka 2024 ilitungwa Sheria ya Kitaifa ya Ukadiriaji kuchukua nafasi ya zile sheria kuukuu, na sidhani mashamba yataachwa nje milele. Isitoshe, shamba lile lina gharama zake. Senge analipa kwa mgongo. Yeye ndiye hurudisha ua ng'ombe wakiubomoa, yeye ndiye husimama na jirani kwenye mpaka. Sisi wa mjini na wa majuu tunaita hilo "shamba letu".

Senge ana presha. Dawa huchukua hospitali ya kaunti, Bungoma. Mama naye, Kitale, huenda hospitali ya kaunti. Afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi, na kaunti ina mifuko miwili mikubwa: mgao kutoka Nairobi na kile inachokusanya yenyewe. Kodi ya ardhi imo katika mfuko huo wa pili. Sisemi shilingi ya Daktari itatembea moja kwa moja mpaka kwenye kidonge cha Mama. Kati ya hapo na kidonge kuna semina nyingi na magari mengi. Lakini shilingi ambayo haikulipwa haifiki kabisa.

Jioni ile, tukichambua maharagwe, Daktari alirudia kesi yake ya mishahara mbele ya wanawake hao wawili. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, kaunti si mtu wa kununiwa. Unaweza kuinunia miaka kumi na haijui umenuna."

Daktari alicheka, halafu akanyamaza. Januari alituma pesa, mwaka mpya na ile miaka miwili, pamoja na riba. Nililipa na nikampigia risiti picha. Akanijibu na ombi: nikisikia kaunti imeita wananchi kujadili Mswada wa Fedha, niende niulize kodi ya ploti imefanya nini hospitalini, na niseme nimetumwa na mwenye ploti. Katiba inataka wananchi waulizwe, na yeye, kwa hati ile, bado ni mwananchi wa Kibomet.

Nitaenda. Mtu anayefanyia kazi kitandani ana nafasi ya kukaa kwenye mkutano asubuhi nzima. Swali lake nimeshaliandika, na kwa mara ya kwanza naandika kitu ambacho hakuna mhariri wa kunichelewesha.