Tundu la Ndoana

Kwa miaka 9 nimefunga flai, wadudu bandia wa kuvulia samaki, bila kuona hata moja ikitua majini. Shangazi ndiye aliyenifundisha, nyumbani kwake Makina, Kibera: ndoana imebanwa kwenye vaisi, unyoya wa shingo la jogoo unazungushwa kwa vidole viwili, uzi unakazwa, halafu tone la vanishi kichwani. Siku hizi nafunga kwenye karakana ya Kawangware na tunalipwa kwa dazeni. Mzigo ukijaa unasafiri ng'ambo. Maji makubwa niliyoyajua utotoni ni Bwawa la Nairobi, nalo limevamiwa na magugumaji hata ukilitazama kwa mbali utadhani ni shamba.

Dada anayetukagua kazi ana ugonjwa mmoja: tundu la ndoana. Akikuta vanishi imeingia humo, anarudisha. Nilimwona msumbufu tu.

Basi Jumamosi moja nikapanda matatu ya 46 alfajiri hadi mjini, kisha ya Nyeri. Binamu yangu anaishi Kiganjo, na jirani yake ni mzee ambaye ujanani aliwabebea wazungu nyavu na vikapu vya samaki. Alinisaidia kukata leseni, akatoa ufito wa futi 9 aliouachiwa na mgeni mmoja, tukashuka hadi Mto Sagana. Maji yalikuwa meupe kwenye mawe na ya baridi kiasi cha kuuma vifundo vya miguu.

Nilikuwa nimebeba flai zangu kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Mzee akachagua moja, akajaribu kupitisha nailoni kwenye tundu. Ikakataa. Akaniachia mimi mwenye macho ya ujana. Ikakataa. Akachukua ndoana nyingine, akachokonoa tundu kwa ncha yake mpaka kipande kidogo cha vanishi kikadondoka.

"Nani alifunga hii?"

Nikajifanya natazama mto.

Nilidhani kurusha ni kurusha tu, kama jiwe. Nikautupa ufito mbele kwa nguvu zangu zote, na mshipi ukaanguka miguuni kama tambi. Mzee akacheka, akapima flai kwenye kiganja chake. "Hii haina uzito, mwanangu. Utairushaje? Unarusha mshipi. Flai ni abiria." Ndipo nikaelewa kwa nini mshipi wenyewe ni mnene kuliko ule wa wavuvi wa kawaida: uzito uko humo, na nailoni nyembamba ya mwisho ipo ili samaki asione kuwa flai imefungwa.

Unainua mshipi majini, unaupeleka nyuma juu ya bega, unasimamisha mkono ghafla, unangoja. Hapo kwenye kungoja ndipo penye kazi. Lazima mshipi ujikunjue wote nyuma yako, uvute ncha ya ufito, ndipo ufito uliopinda uurudishe mbele. Ukiharakisha unasikia mlio kama mjeledi, na flai imekatika. Nilikata mbili. Kilichonisaidia ni kamba tulizokuwa tukiruka Kibera: huingii kwa kuwa umeitwa, unaingia kamba ikishapita. Nikaanza kuhesabu hivyo. Mara moja nilijisahau, ndoana ikanasa kilemba changu, na mzee akakigandua bila kusema neno.

Ng'ambo ya maji tulivu palikuwa na mwamba, na nyuma yetu miti. Huko nyuma hakurushiki, kwa hiyo akanionyesha mrusho wa kuviringisha: unaukokota mshipi polepole juu ya maji mpaka uning'inie nyuma kidogo ya bega, kisha unapiga mbele kama mtu anayegongelea msumari, nao unajiviringisha wenyewe hadi ng'ambo. Huo niliupata upesi, labda kwa sababu unatumia kiwiko, na kiwiko changu kimezoea kazi.

Flai ilipotua, niliona jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Ilisimama juu ya maji kwa ncha za unyoya wake. Manyoya magumu tunayohimizwa kuyachagua, yale laini tukikatazwa, kumbe ni miguu. Lakini mkondo wa kati ulikuwa na kasi, ukalishika tumbo la mshipi na kuivuta flai ikaacha mfereji majini kama mashua. "Mdudu gani anakimbia hivyo?" akauliza mzee. Akanishika kifundo cha mkono, akakipindua kidogo kuelekea mto unakotoka. Tumbo la mshipi likaruka likalala upande wa juu, na flai ikaendelea kuelea taratibu, kana kwamba haijafungwa na mtu.

Samaki akaja. Trauti mwenyewe ni mgeni nchini: Ewart Grogan aliwaleta wa kwanza kutoka Uskoti mwaka 1905, wakatiwa Mto Gura kule Aberdare. Huyu wangu sikumwona vizuri, niliona mdomo na mviringo wa maji. Nikavuta kabla hajafumba. Mshipi ukarudi mtupu, nami nikapiga kelele hadi ng'ombe wa ng'ambo wakainua vichwa.

Jumatatu niliweka sindano kando ya chupa ya vanishi. Mkaguzi alipopita akaiona, akauliza ni ya nini.

"Ya mzee mmoja wa Kiganjo," nikamwambia.