Figa moja haliinjiki chungu: kontrola ya akiba ya Wi-Fi

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na sababu ni radi.

Anayeijua Misikhu, pale kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, anazijua mvua zetu za alasiri. Siku hiyo radi ilipiga karibu na kituo cha afya ninachokisaidia mambo ya kompyuta, ikaunguza kontrola ya Wi-Fi. Visanduku vyote tisa vya darini vilikuwa vizima, taa zinawaka, lakini mtandao hakuna! Wauguzi wakarudia karatasi, foleni ya wagonjwa ikafika nje.

Kwa nini visanduku vizima vinyamaze? Kwa sababu katika mpangilio kama wetu kisanduku hakijiamulii kitu. Hupokea maagizo kutoka kwa kontrola kupitia itifaki iitwayo CAPWAP, iliyochapishwa mwaka 2009, na kwetu hata data ilipitia humo humo. Kila baada ya sekunde 30 hivi kisanduku hupiga hodi: upo? Kikikosa jibu mara kadhaa, hutafuta kontrola nyingine. Sisi hatukuwa na nyingine.

Basi tukanunua mbili za mtumba, za Cisco. Kisanduku cha Cisco unaweza kukiandikia majina ya kontrola tatu: ya kwanza, ya pili na ya tatu, kama mafiga. Uwezo wetu uliishia mbili. Nikayaandika majina (angalia sana herufi kubwa na ndogo), nikaweka jina la Wi-Fi na nywila ileile kwenye zote mbili, kisha nikachomoa waya wa ya kwanza.

Visanduku vikahamia ya pili... halafu vikazima. Kumbe kontrola zilikuwa na matoleo tofauti ya programu! Kila kisanduku kilipofika kilipakua toleo la huko, kikajiwasha upya. Niliporudisha waya, vikarudi kwa ya kwanza na kupakua tena. Jasho lilinitoka. Nikasawazisha matoleo, nikajaribu upya, na safari hii mtandao ulirudi kabla muuguzi hajamaliza kumpima mgonjwa presha.

Nikamwita Sista msimamizi aone. Akazitazama zile kontrola mbili zilivyobebana kwenye rafu moja, akafuata waya kwa macho hadi ukutani.

"Kijana wangu, radi ikirudi, huyu wa pili atajificha wapi?"

Sikuwa na jibu, Sista. Zote mbili zilikuwa chumba kimoja na soketi moja. Nilikuwa nimejikinga na kifaa kuharibika, lakini kilichotupiga hakikuwa kifaa, ilikuwa radi.

Sasa kontrola ya pili iko jengo la wodi, ina umeme na betri yake, na kati ya majengo tumepitisha waya wa faiba badala ya wa shaba, maana shaba hubeba umeme wa radi kutoka jengo hadi jengo. Kila mwisho wa mwezi tunachomoa waya makusudi, Sista akiwa na saa mkononi.

Je, akiba yako wewe imechomekwa wapi? Hebu nenda uufuate waya hadi ukutani.

Tuonane tena panapo majaliwa.