Nani Afike Husuni

Jumatatu, 28 Julai 2025
Kikao cha kikoba kimepitisha: safari ya mwaka huu ni Kilwa Kisiwani, Jumamosi tarehe 16. Nilipotaja jumba la kale la Husuni Kubwa, makofi. "Kilomita mbili hata hazifiki," kasema Mama Mwenyekiti, "kwani tunapanda Kilimanjaro?" Hizo kilomita mbili ndizo zitakazotuponza. Kariakoo hadi Posta nako ni karibu, lakini kule ni lami. Nimetumwa nitangulie kuipima njia.

Jumapili, 3 Agosti
Nimeikagua kalenda. Tarehe 9 mwezi mpevu, tarehe 23 giza la mwezi. Kwa hiyo tarehe 16 tuliyoipigia makofi inaangukia maji mafu. Siku za bamvu, pwani yetu hii, bahari hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Baada ya hapo kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, na ikipita wiki, saa ileile ya kutembea ndiyo saa ya kujaa. Nimempigia nahodha wa Kilwa Masoko, tutakakovukia. Kacheka. "Dada, tarehe 16 mtakuja kuyatazama maji, si kupita."

Jumamosi, 9 Agosti. Kilwa Masoko
Nimefika jioni. Kibali cha kuingia magofuni kinakatwa huku huku Masoko, si kisiwani. Kundi zima lazima lilale hapa usiku mmoja, tusitegemee kufika na kuvuka siku hiyohiyo. Kusi bado linavuma. Nahodha anataka tuvuke mapema, kabla upepo haujakaza.

Jumapili, 10 Agosti
Nimevuka na kijana anayetembeza wageni. Kwenye magofu ya Gereza na Msikiti Mkuu hakuna taabu. Hata mwenye mkongojo anafika, akienda polepole. Taabu inaanza ukiuacha mji na kushika ufuko kwenda mashariki.

Mwanzo mchanga mgumu, raha mustarehe. Halafu mikoko: tope la kufunika kifundo, na ile mizizi iliyochomoza juu kama misumari iliyopigiliwa kinyume. Kandambili yangu ya kulia ilibaki topeni, nikaifukua kwa mkono. Baada ya mikoko, matumbawe yaliyoliwa na maji hadi yakatoa ncha, na penye unyevu pana ukoga wa kijani. Kijana alikuwa akipiga soga tangu tushuke dauni. Hapo alinyamaza, akawa anatazama miguu yake. Alichoniambia ni maneno mawili tu: kanyaga pakavu, usiegemee jiwe kwa kiganja. Chaza walioganda kwenye jiwe wanachana ngozi. Mwisho kuna mpando wa kwenda juu ya jabali.

Juu kule ndiko Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la karne ya 14: vyumba zaidi ya mia, na birika la pembe nane linaloitazama bahari. Ibn Battuta alipopita Kilwa mwaka 1331, huyu ndiye aliyemkuta akitawala. Ngazi ya jumba inateremkia ufukoni. Wageni wa sultani walikuja kwa chombo, matumbawe hayakuwahusu.

Nikasema basi, wasioweza kutembea tuwapeleke kwa dau. Nahodha kakataa: maji yakipwa hivi dau halisogei karibu. Saa inayofaa miguu haifai dau. Maana yake, mtu akiteguka pale saa nne, hatachukuliwa kwa bahari mpaka maji yapande. Atabebwa kwa njia ya mashambani, kisha dau, kisha gari hadi hospitali ya wilaya Kivinje.

Tumerudi kwa hiyo njia ya mashambani. Jua kali, lakini udongo mkavu. Nimefarijika kuiona.

Alhamisi, 14 Agosti. Dar
Swali la nani anaiweza njia ile haliulizwi kikaoni. Mbele za watu hakuna atakayesema "siwezi". Wote watasema "tutajikongoja", na huko huko matumbaweni ndiko tutakakoujua ukweli. Nimewapitia mmoja mmoja.

Umri haunisaidii. Yule nesi mstaafu ndiye mwepesi kuliko sote. Mwenye duka la vitenge bado kijana, lakini goti lake nimelijua kwa kumtazama akishuka daladala: mguu mmoja chini, mkono hauachi mlango. Mwenzetu mmoja anataka kuja na mwanawe wa miaka sita. Mtoto kwenda ataenda; kurudi atabebwa, na anayembeba haoni anapokanyaga.

Karibu nusu yetu hawafai njia ile. Nikiwaambia wabaki walinde mikoba, nimewadhalilisha, na wengine watakuja kwa ubishi.

Jumapili, 17 Agosti
Nimepeleka pendekezo. Safari tuliyoiahirisha iwe tarehe 23. Tuvuke sote saa moja asubuhi, kisha makundi mawili, kila moja kwa jina la linakokwenda: wa Husuni na wa Msikiti. Neno "wazee" lisitajwe.

Wa Msikiti ndio wapewe mtembezaji mzee, anayeijua historia vizuri zaidi. Kule wana kuba za Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11, na Gereza lenye asili ya ngome ya Wareno ya 1505. Mtu akiwa na pahala pa heshima pa kubaki, atasema ukweli kuhusu goti lake. Tayari wawili wamenijia wenyewe.

Wa Husuni waondoke saa mbili na nusu, na saa tano, popote walipo, wageuke. Raba za kufunga kamba, kandambili marufuku. Kurudi ni mashambani tu. Chakula tunakula pamoja.

Mama Mwenyekiti anasema tusigawane, umoja ni nguvu. Nimemjibu umoja utakuwepo kwenye pilau. Kisha kaniuliza, kwa sauti ya chini, yeye nimemweka kundi gani. Nimemwambia kesho tupande daladala pamoja, tutajua akishuka.