Kung fu ya watoto wa Wakaliga ilipoingia nyumbani kwangu



Wiki mbili sasa mlango wa chumba changu unapigwa mateke. Mtoto wangu wa pili, miaka 9, anaruka toka kitandani, anapiga kelele, na sahani zinalia ndani ya kabati. Chanzo ni filamu iliyokuja ndani ya flashi ya kijana wa jirani. Inaitwa Crazy World, imetoka Uganda. Tuliiangalia Jumamosi usiku umeme uliporudi, mimi na watoto saba. Kijana huyo alitutafsiria kwa Kiswahili huku akiongeza maneno yake, kama wanavyofanya kwenye nyumba za video, na nilicheka mpaka kitenge kikafunguka.

Hadithi ni hii: kundi la majambazi, Tiger Mafia, linateka watoto ili wawatoe kafara. Siku moja wanakosea, wanateka watoto wanaojua kung fu. Mnaweza kukisia yanayofuata. Wanaume wazima wanapigwa na watoto wasiowafikia kiunoni, na juu ya picha kuna sauti ya mtu anayechokoza kila mmoja, mwema na mwovu, bila kupumzika.

Aliyeitengeneza ni Nabwana I.G.G., wa mtaa wa Wakaliga, Kampala. Kabla ya sinema alikuwa akifyatua matofali. Utotoni hakuingia kwenye nyumba za video. Ndugu zake wakubwa ndio waliomsimulia filamu walizoona, naye akazijenga kichwani. Kampuni yake ameiita Ramon, jina aliloliunganisha kutoka majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. (Wamama, ni nani kati ya vijana wetu atakayetukumbuka hivyo?) Bunduki zake zinachomelewa kwa vyuma chakavu. Damu ni maji yenye rangi. Zamani walitumia damu ya ng'ombe, wakaacha kwa sababu iliwaletea ugonjwa. Na hao watoto wanafundishwa kung fu kweli, palepale mtaani. Mwaka 2019 filamu hii ilionyeshwa kwenye tamasha kubwa la Toronto, Kanada.

Hiyo ndiyo nguvu yake ya kwanza: nyumba za mabati, matope, watoto wa kandambili. Watoto wetu wa Kadutu walijiona pale. Katika filamu za Hong Kong hawajawahi kujiona. Ya pili ni kicheko. Kwetu Bukavu, habari ya mtoto kutekwa kwa ajili ya feza inatufanya tufunge mlango kabla ya jua kuzama, na watoto wanasikia tunavyonong'ona. Usiku ule waliweza kulicheka jambo wanalolala wakiliogopa. Binti yangu mkubwa, ambaye haongei sana, alicheka kuliko wote.

Lakini kuna mahali nilinyamaza. Mzazi aliyeibiwa mtoto amepotewa na akili, na ile sauti inaendelea kutania tu. Hapo nilitamani mtu aizime kwa dakika moja. Watu pia wanakufa wengi mno, na hakuna anayewalilia.

Basi Jumanne mtoto akakataa kumngojea yaya wake waende masomoni pamoja. Akaniambia, "Mama, mimi naenda peke yangu. Wakinikamata nitawapiga."

Nilishika mkono wake, nikamwambia, "Haya papa, jitoe." Akacheka, akapiga teke. Nikakaza. Akavuta, akazunguka, akauma. Sikuachia. Mwisho akalia, si kwa maumivu, kwa aibu, kwa sababu mdogo wake alikuwa anatazama. Nilijuta. Ningeweza kusema kwa mdomo, lakini nilikuwa nimeshikwa na woga, na mama mwenye woga mkono wake unatangulia.

Jioni nikamketisha karibu na mbabula, nikamweleza habari za vyuma chakavu na maji yenye rangi. Nikamwambia wale majambazi ni majirani wa wale watoto. Picha ikiisha, wote wanarudi nyumbani kula. Akafikiri kidogo.

"Sasa wezi wa kweli, wao hawarudi kula na watoto?"

"Hapana, papa."

Hakusema tena. Nikamfundisha ninayoyajua mimi: apige kelele, aite jina langu na jina la avenue yetu, akimbilie kwa mama yeyote anayeuza barabarani, asimwache yaya wake. Akauliza kama kuuma kunaruhusiwa. Nikasema kunaruhusiwa sana. Jumatano alimngojea dada yake, amenuna, lakini alimngojea.

Mama mmoja wa kikundi chetu ameniuliza kama tuwaonyeshe watoto filamu hii wakati wa likizo. Mimi nasema ndiyo, lakini mchana, walio chini ya miaka 7 wabaki nje, na sisi tukae nao mpaka mwisho, si kuwaacha na kijana wa flashi huku tunaenda sokoni. Na baada ya picha tuwaulize wangefanya nini. Majibu mengine yatawashangaza.

Mlango wangu umeshang'oka bawaba ya juu. Fundi anataka franka 5,000.